Fundi Asiyepiga Ramli

Mgonjwa akitoka Chunyu, kata ya wilaya ya Ruangwa, akafika zahanati, maradhi yake huandikwa kwa kalamu katika kitabu cha MTUHA, daftari la taarifa za afya. Mwezi ukiisha mhudumu hupiga jumla, jumla hupanda hadi wilayani, na pale Ruangwa huingizwa katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umeenea Tanzania nzima. Wengi wanaoufungua kila siku hawana sababu ya kuwaza kwamba nao hujengwa. Msimbo wake ni maelfu ya mafaili ya Java, na mafaili hayo hayapelekwi kwenye seva yakiwa mabichi. Lazima yafasiriwe, yaunganishwe na maktaba zilizoandikwa na watu wengine, yajaribiwe, kisha yafungwe kuwa furushi moja. Kazi yote hiyo hufanywa na chombo kiitwacho Maven, kwa amri moja tu. Amri ikipita, hakuna anayesema neno. Ikigoma, na hasa ikigoma kwenye kompyuta moja huku ikipita kwenye nyingine, ndipo anapoitwa fundi ninayetaka kumsifu.

Ufundi wake una historia. Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Steve Johnson alimwendea mwenzake Stuart Feldman akiwa amekasirika. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa katika programu isiyo na kosa: alikwisha kulirekebisha, ila faili lile halikufasiriwa upya, na alichokuwa akikiendesha kilikuwa toleo la zamani. Feldman akaandika chombo cha kukumbuka kwa niaba ya binadamu ni faili lipi limebadilika na lipi linalitegemea. Akakiita make. Akaamua pia kila mstari wa amri uanze na tabo, na alipoona ubaya wa uamuzi huo alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili ambao hakutaka kuwavurugia. Hadi leo kuna vijana wanaokesha kwa sababu kihariri chao kimegeuza tabo kuwa nafasi nane.

Lakini make iliazima amri za mfumo uliokuwepo. Anayefuta faili kwa rm kwenye Unix hawezi kuitegemea rm ileile kwenye Windows. James Duncan Davidson, aliyekuwa Sun Microsystems, akaandika Ant kwa Java ili maagizo yaleyale yafuatwe kokote. Ilitoka kama chombo kinachojitegemea mwaka 2000. Maven 1.0 ikafuata mwaka 2004. Ahadi ilikuwa kwamba ukijenga hapa na pale, utapata kitu kilekile. Ahadi hiyo imetimia kwa sehemu kubwa sana. Fundi wetu anaishi katika sehemu iliyobaki.

Sehemu hiyo ni ya mazoea yasiyotamkwa. Kila mfumo endeshi una desturi zake, na hautangazi kwamba ni desturi. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika jina la faili. Linux inajali, na aliyeandika Ruangwa.properties akaliita ruangwa.properties atapita salama kwenye laptop yake na kuanguka kwenye seva. Windows haikubali kufuta faili ambalo programu nyingine imelishika. Linux hulifuta bila kuuliza. Wazee wa Nachingwea, wilaya jirani, wana mfano mzuri kuliko wangu: mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, uliokuja na mashine zilizozoea udongo mwingine, ukafutwa mwaka 1951. Mashine hazikuwa mbovu. Hakuna aliyekuwa ameuuliza udongo.

Fundi mzuri anauliza udongo kwanza. Jambo la mwanzo ninalolipenda kwake ni kwamba hagusi kitu. Maven ikianguka hutema mistari mingi, na ile ya mwisho, yenye rangi nyekundu, ndiyo inayovuta jicho. Yeye hupanda juu. Anajua kwamba mistari ya chini mara nyingi ni vilio vya majirani, na aliyeumia yuko juu zaidi, pengine katika onyo la njano ambalo wote wamelizoea. Kisha huomba kitu kimoja kutoka kila kompyuta: majibu ya mvn -version. Huyaweka majibu hayo ubavu kwa ubavu na kuyasoma pole pole: toleo la Java, njia lilikowekwa, lugha ya kompyuta, jina la mfumo endeshi, na mwishoni mwa mstari mmoja maneno ambayo wengi huyaruka, platform encoding. Upande mmoja panasomeka UTF-8, upande mwingine Cp1252.

Hapo nikae kidogo, maana ndipo ufundi unapoonekana. Chukua Narung'ombe, kata ya Ruangwa. Ukiliandika jina hilo kwenye simu au kwenye kihariri cha barua, mara nyingi ile alama ya juu hupindwa yenyewe kuwa ya mviringo, na macho hayaoni tofauti. Katika UTF-8 alama hiyo iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu. Kompyuta inayosoma kwa Cp1252 haijui kwamba tatu hizo ni kitu kimoja. Husoma kila baiti kama herufi yake, na kata inageuka kuwa Narungâ€™ombe. Jaribio linalolinganisha jina lililomo kwenye msimbo na jina lililotoka kwenye hifadhidata linapita Linux, linapita macOS, linaanguka Windows.

Asiye na subira ataanza kutapatapa. Atasakinisha Java upya, atabadilisha hifadhidata, atalizima jaribio ili kazi iendelee. Fundi huuliza swali dogo kuliko yote: jina hili lina herufi ngapi? Linux inajibu 11. Windows inajibu 13. Kutoka kwenye ziada hiyo ya mbili anapata habari yote anayoihitaji, kwa sababu alama moja iliyogeuka kuwa tatu huongeza mbili, na tatu ndiyo idadi ya baiti zake katika UTF-8. Hakupiga ramli. Ameifanya mashine iseme yenyewe ilichokuwa ikikidhania. Akirudi juu kwenye yale maonyo ya njano anakuta Maven ilikuwa ikilia tangu mwanzo, build is platform dependent!, na hakuna aliyeisikiliza.

Wala fundi hailaumu Windows. Seva ya Linux iliyowekwa bila lugha yoyote, ikiendesha Java ya zamani, ingeandika Narung???ombe, alama tatu za kuuliza kwa hesabu ileile. Kosa ni la mradi uliokaa kimya na kuiachia kila kompyuta ichague. Dawa ni mstari mmoja ndani ya pom.xml unaosema maandishi yote ni UTF-8. Java yenyewe ilikuja kukata shauri hilo katika toleo la 18, Machi 2022, ikaifanya UTF-8 kuwa chaguo la kawaida kwa mifumo yote. Lakini matoleo ya zamani bado yamejaa kwenye seva.

Kuna ufundi mwingine ambao huwezi kuuelewa vizuri ukiwa kwenye ofisi yenye intaneti isiyokatika. Maven hupakua maktaba na kuziweka kwenye folda iitwayo .m2. Bando likikatika katikati ya upakuaji, inaweza kuacha kumbukumbu kwamba maktaba ile imeshindikana, na ukijaribu tena ikakataa hata kwenda kuitafuta. Inakuambia imehifadhi jibu la jana. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kufuta .m2 yote uanze upya. Kwa mtu anayelipia kila megabaiti, huo ni ushauri wa gharama. Fundi wa huku husoma jina la maktaba iliyotajwa, hufuata njia yake folda kwa folda hadi kwenye faili lenye kiishio cha lastUpdated, hufuta folda hiyo moja, hurudia amri akiwa na mtandao, kisha huendelea kujenga kwa -o ili Maven isitoke nje tena. Ni adabu ya kazi: kuondoa kilichoharibika na kukiacha kizima kilipo.

Na kuna lile kosa lenye hadaa kuliko yote. Mtu wa Windows anaandika hati ndogo ya amri, anaituma, na Linux inajibu /bin/sh^M: bad interpreter: No such file or directory. Faili la /bin/sh lipo; limekuwepo siku zote. Ila mashine haitafuti /bin/sh, inatafuta /bin/sh yenye herufi moja isiyoonekana mkiani. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Unix kwa moja. Mbili hizo ni urithi wa mashine za kuchapa za zamani: moja ya kurudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, nyingine ya kusogeza karatasi. Fundi huitambua ^M kwa jicho moja, lakini haridhiki kuifuta. Anajua itarudi kesho kutoka kwenye laptop ileile. Kwa hiyo anaandika kwenye .gitattributes kwamba hati za aina hii zimalizie mistari yake kwa alama moja, popote zitakapofunguliwa.

Marekebisho yote hayo ukiyajumlisha hayafiki mistari kumi. Ndiyo maana kazi hii haina sifa: siku nzima ya mtu inaonekana kama neno moja lililoongezwa. Mimi husoma maelezo wanayoambatisha kwenye mabadiliko yao, na walio bora hujulikana hapo. Hawaandiki kwamba wamerekebisha tatizo la Windows. Wanaandika chanzo, mahali kilipojificha, kwa nini kompyuta nyingine hazikukiona, na namna ya kukitoa tena makusudi ili anayefuata asiamini kwa imani tu.

Zamani kuyathibitisha marekebisho hayo kungewagharimu kompyuta tatu. Sasa mwenye laptop moja Nachingwea anaweza kuiagiza GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, bila malipo kwa miradi ya wazi, iujenge mradi kwenye Linux, Windows na macOS kila mara mtu anapotuma badiliko. Gharama ya bando ni kutuma badiliko lenyewe. Maktaba hupakuliwa huko huko. Fundi huongeza jaribio moja la kata ya Narung'ombe, limeandikwa mara mbili, mara moja kwa alama iliyonyooka na mara moja kwa iliyopinda, pamoja na hesabu ya herufi zake, 11 kwa 11, na kuliacha liendeshwe pamoja na yale mengine.