"Zana Anuwai" na "Kugeuza Kukufaa": Istilahi Mbili Zisizokaa Vyema

Wafasiri wa maelezo ya vifaa wametupa majina kadha ya chombo kile kidogo cha mfukoni, chenye kukunjwa, ambacho ndani yake mna kisu, koleo, bisibisi, tupa na kizibuo. Wako wakiitao "zana anuwai", wako waandikao "zana yenye matumizi mengi", na wengine "zana nyingi katika moja". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina hayo hayafai, na kwamba ubovu wake si wa kuchukiza sikio tu, bali humtia hasarani mtu aliye kazini.

Tuanzie ghalani. Neno "zana" halibadiliki umbo katika umoja na wingi. Mtunza ghala akiandika katika leja "zana anuwai 12", mkaguzi atakayefika baada ya miezi sita atauliza: je, ni vyombo kumi na viwili vya kukunjwa, au ni nyundo, patasi na misumeno ya namna mbalimbali ambayo jumla yake ni kumi na mbili? Lugha haimsaidii. Na akiandika "zana anuwai moja" ataonekana mtu asiyejua Kiswahili, maana kilicho anuwai hakiwi kimoja. Jina la Kiingereza limeunganisha wingi na zana, na mfasiri ameyabeba maneno yale mawili bila ya kukitazama chombo chenyewe.

Lau angalikitazama, angaliona jambo. Karl Elsener, aliyefungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, alianza mwaka 1891 kulipatia jeshi la nchi yake kisu cha askari. Bisibisi iliongezwa humo kwa ajili ya kufungulia bunduki. Hicho ni kisu kilichopewa wenzake. Tim Leatherman, Mmarekani, alisafiri Ulaya mwaka 1975 na gari bovu, akaona kisu chake cha mfukoni kimepungukiwa na koleo. Chombo alichokibuni kikaanza kuuzwa mwaka 1983. Hicho ni koleo lililopewa wenzake. Kwa hiyo hatuna chombo kimoja kinachotafuta jina, bali jamaa mbili, na kila moja ina kiongozi wake. Waswahili walikwisha kusema "kisu cha kukunja" zamani sana. Kinachobaki ni kusema "koleo la kukunja", na wingi wake, makoleo ya kukunja, hauna shaka yoyote katika leja.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Mwenye chombo hiki mara nyingi hakiachi kama kilivyotoka kiwandani. Hapa Unguja sababu ni dhahiri: hewa ya bahari huingiza chumvi katika maungio, na hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu hushika kisipotunzwa. Chombo kilichofungwa kwa ribiti hakifunguki kikaoshwa. Fundi huitoa ribiti, akatia parafujo, ili chombo kiweze kufunguliwa, kuoshwa kwa maji baridi na kutiwa mafuta. Fundi wa umeme asiye na haja na kizibuo hukipiga tupa, akakitia pengo la kuchunia waya. Seremala wa milango ya Mji Mkongwe huweza kukigeuza kipande kimoja kikawa patasi ndogo, akikinoa taratibu na kukichovya majini kila mara, kwa kuwa chuma kikipata moto mwingi juu ya jiwe la umeme hupoteza ugumu wake. Mwingine huvua mpini wa plastiki akatia wa mpingo au wa pembe. Tazama, msomaji, jinsi maneno yalivyotosha: ribiti, parafujo, tupa, kamani, bawaba, ubapa, kinoo, ala. Hakuna hata moja lililohitaji kamati.

Lakini tendo lenyewe tuliite nini? Wengi husema "kurekebisha". Neno hili hubeba maana ya kuondoa kasoro, na chombo kilichobadilishwa hakikuwa na kasoro. Madhara huonekana katika maonyo. Watengenezaji kwa kawaida humtahadharisha mnunuzi kwamba akikibadilisha chombo, dhamana inakufa. Ikitafsiriwa "usirekebishe", mtu mtiifu ataiacha parafujo iliyolegea ilegee, mpaka siku kisu kitakapomfungia vidoleni.

Katika simu zetu pametokea jaribio jingine, "geuza kukufaa". Kama amri kwa mtu mmoja linapita. Lakini lile "ku" la pili limemfunga mtendwa: kinamfaa wewe, si yeye wala wao. Mwalimu atasemaje darasani, "fundi alikigeuza kukufaa"? Na nomino tutaipataje? "Ugeuzaji kukufaa" si neno. Ni sentensi iliyokatwa miguu. "Kuweka mapendeleo" kuna afadhali kidogo, ila humo hakuna tupa wala jasho. Ni kuchagua kilichokwisha kutayarishwa na mwingine.

Ninapendekeza "kuchukuanisha". Asili yake ni "kuchukuana", yaani vitu viwili kupatana na kuelekeana, kama nguo inavyochukuana na mvaaji. Fundi amelichukuanisha koleo na kazi yake, koleo lililochukuanishwa, uchukuanishaji. Neno huzaa bila ya kulazimishwa. Litalaumiwa kuwa refu, na ni refu kweli. Litalaumiwa pia kuwa vijana hawalijui. Hili silioni kuwa hoja, kwa maana "kugeuza kukufaa" nalo hawakuzaliwa nalo.

Yapo mashaka moja yanayostahili kujibiwa. Afisa wa forodha au wa usalama katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume ataweza kusema kwamba "koleo la kukunja" linaficha kisu kilichomo. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2015 humzuia abiria kuingia na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6, na yapo makoleo ya namna hii yasiyo na kisu kabisa. Basi katika hati za safari na za forodha iandikwe "koleo la kukunja lenye kisu", na urefu wa ubapa utajwe mbele yake kwa sentimita.