Punje Isiyoungua

Aliyewahi kukaa na wabanguaji wa korosho Nachingwea au Ruangwa anaijua mikono yao. Kabla ya kushika korosho, mama hujipaka majivu viganjani, maana mafuta ya ganda lake huchubua ngozi. Huisimamisha juu ya jiwe, huigonga ubavuni, na punje hutoka nzima. Naweza kumtazama asubuhi nzima. Mafuta yale hukaa katikati ya kuta mbili za ganda. Punje imekua na kukomaa jirani na ukali huo, wala haikuungua.

Damu yetu nayo ina ukali wake. Katika maji ya damu zimo protini ziitwazo komplimenti, ambazo Mbelgiji Jules Bordet alizichunguza tangu miaka ya 1890 na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya 1919. Kazi ya protini hizo ni kuwaangamiza vijidudu. Lakini mojawapo, C3, ikishaamshwa hunasa juu ya chochote kilicho karibu, kiwe bakteria au seli ya mwenye mwili. Haichagui. Kujilinda ni juu ya seli yenyewe, nayo imevaa walinzi.

Mlinzi mmojawapo, CD55, huufumua mtambo wa mashambulizi wa komplimenti kabla haujashika kasi. Ukiponyoka, yupo CD59. Huyu husubiri hatua ya mwisho kabisa: protini za komplimenti ziitwazo C9 zinapoanza kujipanga duara ili kutoboa utando wa seli, yeye hujipenyeza kati yao, na duara halikamiliki. Ufundi ulioje! Hugusa pale tu panapotakiwa, kama pigo lile moja la ubavuni. Wote wawili wameshikizwa kwenye utando kwa kishikizo chembamba cha mafuta. Wapo watu wachache ambao uboho wao hutoa seli zisizo na kishikizo hicho: seli nyekundu hupasuka, na asubuhi mkojo huweza kutoka na rangi ya chai iliyokolea.

Seli nyekundu ndiyo inayonigusa zaidi. Haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza protini mpya. Walinzi iliyotoka nao kwenye uboho ndio hao hao wa maisha yake yote, siku 120 hivi. Huko magharibi mwa Kenya, watafiti walipima damu ya watoto walioishiwa damu kwa malaria kali, wakakuta CD55 na mlinzi mwenzake CR1 wamepungua juu ya seli zao. Hilo linasaidia kueleza kwa nini malaria huangamiza hata seli ambazo kimelea hakikuziingia, na kwa nini damu ya mtoto huweza kuendelea kushuka hata dawa ikishaua vimelea.

Basi, wazazi wenzangu, homa ya malaria ikishuka msidhani yamekwisha. Mtazameni mtoto viganja na ndani ya kope za chini. Vikiwa vimepauka, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.