Sifa za Fundi wa Vioo

Wahenga walituonya tusimsifu fundi kupita kiasi: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nawaheshimu wahenga, lakini leo nataka kumsifu fundi wa vioo vya magari, na kumsifu waziwazi, kwa kuwa kazi yake ikiwa nzuri hakuna anayeiona. Kazi ya seremala hukaa sebuleni, wageni wakaisifia. Kazi ya mshonaji hutembea mjini siku ya Idi. Kioo cha mbele kikitiwa vizuri, dereva hutazama barabara tu, wala hakumbuki kwamba kuna kitu kati yake na barabara hiyo. Fundi hulipwa, gari huondoka, na jina lake husahaulika kabla gari halijafika kipilefti cha kwanza.

Miaka ya karibuni kazi hii imeongezewa uzito ambao wenye magari wengi hawajautambua. Juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, karibu na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, magari mengi ya sasa yamewekwa kamera. Kamera hiyo hutambua gari lililo mbele na kusaidia kushika breki dereva akizubaa. Humwonya akianza kutoka nje ya mstari wake, na katika baadhi ya magari huusogeza usukani kidogo ili arudi. Hayo yote huyaona kupitia kioo. Kwa hiyo anayebadilisha kioo siku hizi ana kazi mbili: kuziba uwazi, na kulirudishia gari uwezo wa kuona sawasawa. Kazi ya pili haiwezi kuwa njema ikiwa ya kwanza ililipuliwa, na zote mbili hutegemea uaminifu wa mtu ambaye hakuna anayemsimamia.

Tuanze na kioo chenyewe. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Ilipasuka, lakini vipande havikutawanyika, kwa sababu ndani yake mlikuwa mmekauka utando wa nitrati ya selulosi. Kutokana na ajali hiyo ndogo alibuni kioo cha usalama, akakipatia hataza mwaka 1909. Kioo cha mbele cha leo kinafuata wazo hilohilo: vioo viwili, kila kimoja unene wa takriban milimita 2, vimebanwa pamoja na utando wa plastiki ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Jiwe likipiga, kioo hupasuka na utando hukishikilia.

Lakini kioo hakikuwekwa kwa ajili ya upepo na mvua tu. Ni sehemu ya mwili wa gari. Husaidia paa lisibonyee gari likipinduka. Katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufura kuelekea juu, ukaegemea kioo ndipo umkinge abiria. Kioo kilichogundishwa vibaya kinaweza kung'oka wakati huohuo kinapohitajika. Basi hata kabla ya kamera kuja, fundi huyu alikuwa ameshika maisha ya watu mikononi, na wengi wetu tulikuwa tukimdai amalize upesi.

Huku kwetu kamera zimekuja na magari ya mtumba. Subaru walitoa mfumo wao wa EyeSight nchini Japani mwaka 2008, wenye kamera mbili zinazotazama mbele kwa pamoja ili kupima umbali. Toyota Safety Sense ilianza mwaka 2015, na katika magari mengi yenye mfumo huo kamera moja hushirikiana na rada iliyofichwa mbele, nyuma ya nembo. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari yanayoshuka bandarini Mombasa leo ni ya kizazi cha kamera. Bandarini Dar es Salaam nako yanashuka. Mengi yanafika na vitabu vya Kijapani na skrini za Kijapani, na mnunuzi huondoka na gari linaloona bila yeye kujua kwamba linaona. Kisha siku moja, nyuma ya lori la kokoto katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, jiwe hurushwa na tairi, na ufa huanza kutambaa.

Alama ndogo huzibwa kwa gundi maalumu, na fundi mwema atakuambia hivyo hata kama angepata zaidi kwa kukuuzia kioo kizima. Lakini ufa mrefu, au alama iliyo mbele ya macho ya dereva au mbele ya kamera, hauna dawa ila kubadilisha kioo.

Mtazame basi anavyofanya. Hufunika dashibodi na boneti. Hutoa waipa na plastiki iliyo chini yake, hufungua kifuniko cha kamera, huchomoa waya wake, kisha huishusha na kuiweka mahali ambapo hakuna kidole kitakachogusa lenzi. Hutoboa gundi ya zamani kwa sindano ndefu, hupitisha waya mwembamba wa chuma, na watu wawili, mmoja ndani na mwenzake nje, huuvuta huku na huku kama wapasua mbao walio kwenye msumeno mmoja. Waya huzunguka ukingo wote wa kioo. Rangi ya bodi isikwaruzwe, kwa maana palipokwaruzwa patashika kutu, na gundi haishiki kutu. Katika miji ya pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, mkwaruzo usiotibiwa ni uvujaji wa mwakani.

Kioo kikishatoka, gundi ya zamani haikwanguliwi yote. Huparwa hadi ibaki milimita moja au mbili, kwa kuwa gundi mpya hushika vizuri juu ya ile iliyokwisha kushikana na chuma. Mkwaruzo wowote hupakwa rangi ya kukinga kutu. Kioo kipya husafishwa, na ule ukanda mweusi wa pembeni hupakwa dawa ya kushikisha. Ukanda huo si pambo: huikinga gundi isiharibiwe na jua. Ndipo gundi humiminwa, mstari mmoja usiokatika, wenye umbo la pembetatu, kimo chake sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo mkono wa fundi hujulikana. Mstari ukinyongea mahali, maji yatapita. Ukizidi mahali, kioo kitainuka upande mmoja, na kamera itainuka nacho.

Kioo hushikwa kwa vikombe vya kunyonya, huinuliwa na watu wawili, na hushushwa mara moja. Hakiburutwi. Kikishagusa gundi, kukinyanyua tena ni kuuharibu mstari wote. Nimewahi kuona mafundi wakibishana siku nzima juu ya mpira na siasa, lakini wakati wa kushusha kioo hakuna anayesema neno isipokuwa yule anayeongoza: "Kushoto kidogo. Hapo. Shusha."

Baada ya hapo kuna kungoja. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo hali ya hewa ya siku hiyo huingia katika hesabu. Iko inayoruhusu gari kutembea baada ya saa moja, iko inayotaka siku nzima, na maelezo yako kwenye kopo lenyewe. Fundi huacha dirisha moja wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo. Mteja hukasirika. "Mbona kimeshashika?" Fundi anayestahili sifa hujibu kwa upole: "Subiri, mzee. Bado."

Kisha inakuja kazi ya pili, ambayo mafundi wanaiita kalibresheni: kuielekeza kamera upya ili gari lijue mbele ni wapi hasa. Mtu anaweza kusema kwamba kamera imerudi kwenye kishikizo kilekile, mahali palepale, sasa kuna haja gani? Jibu liko katika hesabu. Kamera ikigeuka nyuzi moja tu, kiasi ambacho jicho halikioni, kwa umbali wa mita 100 kosa lake ni kama mita 1.75. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa takriban mita 3.5. Nyuzi moja, basi, ni nusu ya njia. Kitu kilicho mbele yako kinaweza kuhesabiwa kuwa kiko pembeni, na kilicho pembeni kikahesabiwa kuwa mbele. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mita hizo 100 huisha katika muda usiofika sekunde nne. Na katika barabara zetu kilicho pembeni mara nyingi ni bodaboda yenye abiria wawili.

Kazi hii huanza kwa mambo yasiyo na umeme hata kidogo. Sakafu iwe tambarare. Upepo wa matairi upimwe. Mizigo ishushwe, kwa sababu gunia la mchele nyuma huinua pua ya gari. Halafu, katika utaratibu wa magari mengi, fundi huchukua timazi, ileile ya mwashi anayejenga ukuta. Huining'iniza mbele ya gari katikati ya nembo, akatia alama sakafuni. Huining'iniza nyuma, akatia alama nyingine. Kisha huvuta uzi kupita alama zote mbili. Huo ndio mstari wa kati wa gari. Kutoka hapo hupima kwenda mbele kwa umbali ambao kiwanda kimeuandika, hadi milimita, na huko husimamisha ubao wenye michoro ya nyeusi na nyeupe. Nyuma ya ubao pasiwe na vitu vya kuichanganya kamera, wala jua lisipige moja kwa moja. Ndipo anapochomeka mashine na kuiambia kamera itazame. Kamera huutazama ubao, hulinganisha inachoona na inachopaswa kuona, na kuihifadhi tofauti.

Wapo wanaoona aibu kwa fundi wa kompyuta kushika uzi na timazi. Mimi naona heshima. Mashine ya bei kubwa haina namna ya kujua mstari wa kati uko wapi isipokuwa mtu auoneshe. Akiweka ubao sentimita chache pembeni, mashine itakubali na kusema kazi imekwisha, na gari litaondoka likiamini uongo.

Magari mengine hutaka kalibresheni ifanyiwe barabarani: fundi huendesha kwa mwendo uliowekwa, katika barabara yenye mistari iliyo wazi, hadi kamera ijipange yenyewe. Mengine hutaka njia zote mbili. Mistari iliyofutika, matuta ya kila mita mia chache na foleni ya jioni si rafiki wa kazi hii. Fundi hulazimika kuchagua saa na barabara, na mafuta hayo na muda huo huingia katika bei ambayo mteja huiita wizi.

Nimesema kazi ya pili hutegemea ya kwanza, na sababu ni hii: programu hurekebisha kosa dogo tu. Kioo kikikaa mshazari, au kikiwa cha aina duni ambayo sehemu iliyo mbele ya kamera inapinda picha, au kishikizo kikiwa kimegundishwa vibaya, kamera hukataa. Fundi asiye mwaminifu hapo hutafuta njia ya mkato. Fundi mwaminifu hukubali kwamba kioo kitoke tena. Wakati mwingine kamera haikatai wala haiwashi taa ya onyo kwenye dashibodi, kwa kuwa haijui kwamba imepotoka. Mteja hajui, polisi wa barabarani hajui, bosi wa gereji huenda hajui. Anayejua ni aliyeshika uzi. Ndiyo maana namsifu fundi huyu kuliko mafundi wengi ambao makosa yao hujitangaza yenyewe.

Japani, yanakotoka magari haya, iliona jambo hili mapema. Tangu Aprili 2020 sheria yake inaitaka gereji iwe na ithibati ndipo irekebishe kamera na rada za breki za kujiendesha, au hata kung'oa kioo cha mbele chenye kamera hiyo. Gari huvuka bahari, sheria hiyo hubaki kule. Kwetu kilichobaki ni dhamiri ya fundi, na dhamiri ni njema lakini haitoshi. NITA kwa upande wa Kenya na VETA kwa upande wa Tanzania ni mamlaka za mafunzo ya ufundi zinazowapa mafundi wetu vyeti. Kijana anayejifunza kukata gundi afundishwe palepale kuvuta uzi, kusoma mashine na kuandika alichopima, na cheti chake kiseme hivyo. Kampuni za bima nazo zikilipia kioo zilipie na kalibresheni, maana kulipia kimoja na kukataa kingine ni kumwambia fundi aache kazi nusu.

Sisi wenye magari tuna sehemu yetu. Tuache kumpima fundi kwa wepesi wake. Tumpe siku nzima anapoihitaji, tulipe bei ya kazi zote mbili, na tuchukue karatasi inayoonesha kwamba kamera imeelekezwa upya. Na kabla waya haujapita kwenye gundi, tumuulize swali moja: kamera utaielekezaje? Anayesema kwamba haina shida, itajirekebisha yenyewe, mshukuru na uondoke na ufa wako. Anayekuuliza aina ya gari na mwaka wake, akakuonesha sakafu yake, ubao wake na timazi yake, mwachie funguo, na ukishalipa waambie na majirani jina lake.