Hongera, Watafiti wa Vyura

Chura wa Kihansi hazidi sentimita 3, hatagi mayai, huzaa watoto. Alitambuliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, Udzungwa. Bwawa la umeme likapunguza maji, ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Salama yake ilikuwa wale 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Vizazi vyao vilifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 baadhi wakarudishwa korongoni.

Kazi ya kuokoa spishi namna hii husimama juu ya mabega ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na watafiti chipukizi waliokwisha kuhitimu. Ndio wanaokesha mabondeni na tochi, wakipangusa ngozi ya chura kwa pamba ili maabara isome vinasaba: je, ana kuvu? Je, kundi lake lina damu tofauti za kutosha kuhimili maradhi?

Tunawapongeza kwa dhati. Vyuo na wafadhili, ongezeni nafasi zao; spishi ikishapotea kabisa, hakuna fedha itakayoirudisha.