Texereau na kioo cha darubini: kitabu kinachokufundisha kupima

Mwambie mtu kwamba kioo cha darubini kinaweza kutengenezwa jikoni kwa mikono miwili. Atacheka. Jean Texereau, aliyekuwa fundi wa vioo katika kituo cha astronomia cha Paris, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1951, na wengi wetu tunakijua kwa Kiingereza kama How to Make a Telescope. Ni kitabu kigumu. Mimi nakitetea.

Kuchimba kioo kwenyewe si kazi ya ajabu. Unalaza kioo kimoja juu ya kingine, katikati unatia unga mkali na maji, unasugua mbele na nyuma huku ukiizunguka meza. Cha juu kinachimbika, cha chini kinabinuka, na polepole vyote viwili vinakuwa vipande vya tufe. Baadaye unang'arisha kwa lami. Subira tu.

Shida ni kwamba tufe halitoshi, nyota inataka parabola. Chukua kioo cha kipenyo cha milimita 200 na fokasi ya milimita 1,200: shimo lake lina kina cha milimita 2 hivi, lakini tofauti kati ya tufe na parabola haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Utaijuaje?

Kwa wembe! Léon Foucault alibuni kipimo hicho mwaka 1858. Mwanga wa tundu dogo unakwenda kwenye kioo na kurudi, nawe unaukata kwa wembe pale unapokutana. Ghafla uso wa kioo unaonekana kama nchi yenye vilima na mabonde. Gusa kioo kwa kidole gumba sekunde chache, na utaona kilima kimeota hapo kwa joto la kidole chako.

Vitabu vingi vinaishia kwenye kushangaa vivuli. Texereau anakutaka upime kila ukanda wa kioo, uandike namba, upige hesabu. Amateur Telescope Making cha Marekani, alichokihariri Albert Ingalls kuanzia 1926, kinachangamsha zaidi, ila kila fundi ana lake, mwishowe hujui umfuate nani.

Kasoro ya Texereau ni ukali. Unamaliza sura ya vipimo ukijiona mkosaji kabla hujanunua kioo. John Dobson wa San Francisco alisugua vioo vya madirisha ya meli, akavipachika kwenye masanduku ya mbao, akawaonyesha wapita njia Zohali. Nani alilalamika?

Hoja nzuri hiyo, lakini kumbuka Hubble. Kioo chake cha mita 2.4 kilirushwa mwaka 1990 kikiwa na kosa la mikroni 2 hivi ukingoni, kwa sababu lenzi moja ya kifaa cha kupimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Kipimo kingine, cha kawaida zaidi, kilikuwa kimeonyesha kosa hilo. Kikapuuzwa. Fedha zote zile, jamani!

Kwa hiyo anza na sura ya wembe, usome na kalamu mkononi. Zile za mhimili na stendi ziruke bila wasiwasi. Kwa mwanafunzi asiye na karakana ya chuma, sanduku la Dobson ni rahisi zaidi.