Plagi Iliyokatikia Ndani ya Hedi

Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu iliyo ndani ya Toyota Probox nyingi zinazozunguka Garissa, ina plagi nne zilizozama kwenye visima virefu. Ukifungua boliti ya koili kwa spana ya milimita 10 na kuichomoa koili, huioni plagi. Unaona shimo jeusi, na mara nyingi mna oili iliyovuja kwenye sili za tapeti kava ikachanganyika na vumbi hadi ikawa tope. Soketi ya milimita 16 inatakiwa ishike plagi chini ya tope hilo. Ikishika kwa upande, au kama aliyeifunga plagi mara ya mwisho aliikaza kwa nguvu za bega, chuma hukatika chini kidogo ya kichwa na nyuzi hubaki zimeng'ang'ania hedi.

Mkono wa fundi hukimbilia drili. Ninaelewa kwa nini: mwenye gari amesimama pembeni, abiria wa Dadaab wanataka kuondoka, na drili inaonekana kufanya kazi. Lakini ganda la plagi ni chuma na hedi ni alumini, na ncha ya drili ikiteleza huenda kula kilicho laini. Kipande cha plagi hakina thamani yoyote. Nyuzi za hedi zinazokizunguka ndizo mali, na zikiharibika vibaya huenda hedi ikalazimika kuagizwa kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350.

Kwa hiyo nianze na suala ambalo mafundi hubishana sana: injini iwe ya moto au baridi? Wa upande wa moto wana hoja. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua tundu la milimita 14 na upandishe joto kwa nyuzi 70: tofauti ya kutanuka kati ya hedi na plagi ni takriban milimita 0.01. Ni kidogo mno kukufungulia plagi, lakini mafuta ya kulegeza kutu yanaweza kupenya hapo. Hasara yake ni kwamba alumini ya moto hulika kwa urahisi, na nyuzi zilizoshikana huondoka na nyama ya hedi.

Kampuni ya Ford ililazimika kuliamua suala hili kwa maandishi. Injini yake ya Triton ya lita 5.4 yenye vali tatu kwa kila silinda ilitumia plagi ndefu ya vipande viwili, na masizi yaliibana sehemu ya chini hadi plagi zikawa zinakatika mikononi mwa mafundi kote Marekani. Maagizo yake ya mwaka 2008 yalisema injini ipoe kabisa, plagi ilegezwe kidogo tu, kisima kitiwe dawa ya kusafisha kabureta, kisha ingojwe angalau dakika 15 kabla ya kuizungusha mbele na nyuma pole pole. Mashine za upepo zilikatazwa. Shida ya Probox ni tofauti, lakini nidhamu hiyo inafaa. Tatizo la Garissa ni kwamba mchana wa nyuzi 36 au 37, hedi iliyotoka safarini haipoi upesi. Tia mafuta jioni injini ikiwa na uvuguvugu, ufanye kazi alfajiri.

Kabla ya kugusa kipande, ondoa tapeti kava. Wengine wataona ni kazi ya ziada, ila sili zake zimekwisha hata hivyo, na kemushafti zikiwa wazi unaona vali za silinda hiyo zimekaaje. Zungusha krenki kwa mkono hadi vali zote nne zifunge, pistoni ikiwa imeshuka kidogo. Uchafu ukianguka utabaki juu ya pistoni badala ya kunaswa kwenye kiti cha vali. Funika kemushafti kwa kitambaa safi, maana vumbi la hapa halingoji mwaliko.

Kisha kauri. Kama kiini cha kauri kimebaki, kitoe kizima kwa koleo ya mdomo mrefu, maana ekstrakta inahitaji uwazi wa ndani ya ganda. Ukikipasua, vipande vyake vigumu huingia kwenye silinda na kukwaruza ukuta wake. Hapa sumaku haisaidii: haivuti kauri wala alumini. Kinachofaa ni mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kufyonza vumbi, pamoja na ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu.

Ekstrakta nayo huchaguliwa. Ile yenye mapindo ya skrubu ya kushoto huzama kama kabari kadiri unavyoizungusha, na kwa kuwa ganda la plagi ni jembamba, inalibana zaidi dhidi ya nyuzi unazotaka liziachie. Yenye pembe nne zilizonyooka ni bora. Wapo wanaogonga mkia wa tupa kuukuu badala yake. Tupa ni chuma kigumu kinachovunjika kama kioo, na ikikatikia humo una matatizo mawili ndani ya tundu moja. Pima kina kwanza, uweke alama ya utepe kwenye ekstrakta ili isigonge pistoni. Igonge kwa nyundo nyepesi, uizungushe kidogo kushoto, urudishe kulia, uongeze mafuta. Ukisikia mlio mkavu, simama.

Ganda likitoka, fyonza tena, utazame kwa kamera, ndipo usafishe nyuzi kwa tepu ya M14 yenye hatua ya milimita 1.25, mifereji yake ikiwa imejaa grisi ya kunasa chembe. Plagi mpya ianzishwe kwa vidole ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha mpira: nyuzi zikipishana, mpira utateleza kabla hujaharibu kitu. Toyota inataka Nm 18. Huna spana ya kupimia? Ikishagusa kwa vidole, ongeza nusu mzunguko, au theluthi mbili ukizidi. Usipake grisi kwenye nyuzi. NGK hukataza kwa plagi zake zilizopakwa metali, kwa sababu nyuzi zinazoteleza humfanya fundi akaze kupita kiasi.

Zimebaki plagi tatu kwenye hedi hiyohiyo, na huenda zilifungwa na mkono uleule. Mimi ningezitia mafuta na kuziacha zilale hadi asubuhi nyingine, hata mwenye gari akinung'unika.