Sauti za Pembezoni mwa Kinshasa: Uhakiki wa Albamu «From Kinshasa» ya Mbongwana Star

0. Utangulizi

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuhakiki albamu From Kinshasa ya kundi Mbongwana Star, iliyotolewa mwaka 2015 na World Circuit, kampuni ya sahani za muziki ya London. Viongozi wa kundi hilo, Coco Ngambali na Theo Nzonza, ni waimbaji waliolemazwa na polio, nao waliliunda baada ya kujitenga na Staff Benda Bilili. Neno mbongwana ni la Kilingala, maana yake ni mabadiliko. Pengine msomaji atauliza: albamu ya roki ya majaribio, ambayo si ya Kiswahili, inatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba inazusha swali ambalo ni letu pia: mtu wa pembezoni mwa mji anapopewa kipaza sauti, ni nani anayeamua sauti yake isikike namna gani?

1. Kutoka huruma hadi kelele

Staff Benda Bilili walijulikana ulimwenguni kwa albamu Très Très Fort (2009) na filamu Benda Bilili! (2010). Muziki wao ulikuwa wazi: rumba, sauti za kupokezana, na satonge, ala ya waya mmoja iliyofungwa kwenye kopo. Hata hivyo, hadithi ya baiskeli zao za magurudumu matatu ilitangulia nyimbo. Msikilizaji wa ng'ambo alikwisha kuwahurumia kabla ya kuwasikiliza.

Mbongwana Star wamekataa huruma hiyo. Mtayarishaji wao, Doctor L, ambaye jina lake ni Liam Farrell, ni mtu wa asili ya Ireland aliyekulia Ufaransa. Ndiye aliyetayarisha Black Voices ya Tony Allen mwaka 1999. Humu besi inakwaruza, ngoma zinagonga kama vyuma, na sauti za watu zinapitishwa katika mwangwi hata zinafanana na matangazo ya redio ya mbali. Ni rahisi kudai kwamba mgeni amewavika Wakongo nguo isiyo yao. Dai hilo ni kweli nusu tu. Katika «Malukayi» wamealikwa Konono No. 1, wapigaji wa likembe za umeme ambao kwa miaka mingi walijitengenezea vikuza sauti kwa vipuri vya magari. Wao hawakuukimbia ukwaruzo wa vyombo hivyo, bali waliufanya kuwa sehemu ya muziki. Basi kelele ya albamu hii ina ukoo wake Kinshasa kwenyewe.

2. Ushuhuda wa majina

Mwanaisimu hana budi kuyatazama majina ya nyimbo. «Shégué» ni jina la watoto wa barabarani. Wengine hulitoa kwa Che Guevara, wengine kwa Schengen. Lakini vyovyote asili yake ilivyo, ni neno ambalo mji umelitunga kwa ajili ya watu uliowanyima makao. «1 Million c'est quoi?», yaani «milioni moja ni kitu gani?», si mzaha mtupu kwa msikilizaji anayekumbuka noti ya zaire milioni 5 ya mwaka 1992, na jinsi mwaka uliofuata zaire milioni 3 za zamani zilivyogeuzwa kuwa zaire mpya moja. Katika nchi hii, milioni imekwisha kuwa jina la umaskini.

Na «From Kinshasa to the Moon»? Sisi wa Katanga hatuwezi kulicheka jina hilo bila kukumbuka kwamba mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka Shaba. Roketi zilipanda, wanavijiji wakabaki pale pale. Mbongwana Star wanaigeuza safari hiyo: safari hii anayetaka kupanda ni yule aliyeachwa chini.

3. Maneno yaliyozama

Sifa hizo hazituzuii kutaja kasoro kubwa. Mahali pengi maneno hayasikiki. Tulinganishe na Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Sauti moja na gita moja zilitosha, na gita lenyewe, hata lilipong'ara, lilimpisha mwimbaji. Katika wimbo wa namna hiyo neno ndilo mwenye nyumba, na ala ni mgeni. Humu mgeni amelala kitandani, mwenye nyumba amebaki uani. Msikilizaji wa London, asiyejua Kilingala, hapotezi chochote. Anayepoteza ni Mkongo, yaani yule ambaye maisha yake ndiyo yanayoimbwa. «Coco Blues», ambamo mwendo unapungua na huzuni ya mwimbaji inapata nafasi, unaonyesha kwamba majaribio ya sauti na heshima kwa neno vingeweza kukaa pamoja.

4. Hitimisho

Kwa maoni yetu, From Kinshasa ni kazi yenye thamani. Imewatoa watu wa pembezoni katika picha ya kuhurumiwa na kuwaweka katika nafasi ya wabunifu. Lakini imelipa gharama kwa kupunguza usemi wao. Jambo hilo lituonye nasi. Idara zetu hufundisha riwaya na utenzi, na hufanya vema. Lakini nyimbo za Kiswahili za Kenya, Katuba na Kamalondo huimbwa usiku na kupotea asubuhi. Tusipoziandika neno kwa neno, pamoja na lahaja yake na matusi yake, atakuja mtu mwingine kuzirekodi, naye atachukua mlio na kuacha maana.